Matanga ya Motokaa

Nilipewa motokaa ile kwa sababu mwenyewe alikuwa ameichukia. Alikuwa mfanyabiashara wa Kizungu, aliyeishusha kutoka behewa la mizigo pale stesheni ya Dodoma wakati reli ya Wajerumani ilikuwa bado mpya, akitaka kwenda nayo Kondoa. Alifika mto mkavu wa pili. Magurudumu yakazama mchangani, injini ikalia kama mbuzi anayechinjwa, kisha ikanyamaza. Ng'ombe wanane waliivuta kuirudisha, na yeye akaitupa nyuma ya stoo yake, kuku wakapata mahali pa kutagia. Siku moja aliniona nimesimama naitazama akaniambia niiondoe machoni pake. Nilimwuliza mara mbili kama anasema kweli. Mara ya tatu alinifokea, na mimi nikahesabu kufoka kule kuwa ni kiapo.

Nilikuwa fundi mdogo stesheni, kazi yangu kupaka mafuta ekseli za mabehewa na kukaza kilicholegea. Kusoma nilijifunza kwa wamisionari Mpwapwa. Chuma nilijifunza kwa kuungua vidole. Nyumbani kwangu kulikuwa Mkonze, na motokaa ilifika huko ikivutwa na ng'ombe wa shemeji yangu, watoto wa kijiji kizima wakiifuata kwa nyuma. Mke wangu alitoka mlangoni, akaizunguka, akaikagua mbele na nyuma.

"Huyu mke mwenza atalala wapi?" akauliza.

Nilimjengea kibanda cha miti na udongo, kama tembe ndogo ya paa bapa, na mwaka huo wa kwanza sijui kama nimewahi kuwa na furaha kuliko ile. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nafungua kitu kimoja, nakisafisha kwa majivu na mafuta, nakitazama, nakirudisha. Mara nyingine nilikirudisha kinyume, ikanilazimu kukifungua tena, na hata hilo lilinifurahisha. Sikuwa na haraka. Mke wangu aliniletea ugali wa uwele na mlenda kibandani akakaa kwenye kiti cha motokaa, akinisimulia habari za kisimani huku nimeingiza kichwa ndani ya injini.

Kosa langu lilikuwa mdomo. Baada ya mavuno tulikuwa kwenye pombe kwa jirani, nikasimama mbele ya watu nikatangaza kwamba kabla mvua hazijaanza nitampakia mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkatalia, nimpeleke Dodoma mjini akalione gari moshi. Watu walipiga vigelegele. Mama yangu alitikisa kichwa akatabasamu. Nilirudi nyumbani nimevimba kama chura, sikujua kwamba nimeuza Jumapili zangu zote.

Tangu siku ile kila aliyepita njiani aliuliza, "Bado?" Mwanzo nilijibu kwa maneno marefu. Baadaye nikajibu kwa mkato. Nilianza kwenda kibandani hata siku za kazi, natoka stesheni nimechoka, naingia kwenye uchovu mwingine. Na siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Matairi yalikuwa yameoza, nikayavisha magurudumu ngozi mbichi ya ng'ombe, nikaishona ikiwa na maji ili ikikauka ikaze. Ilikaza vizuri sana. Asubuhi ya tatu nilikuta fisi wamevunja mlango na kula matairi yote manne, wamebakiza mishono. Mgogo gani asiyejua kwamba fisi hula ngozi? Nilijua tangu nanyonya. Ila nilikuwa nimeacha kuiona ile kama ngozi, naiona tairi.

Nilishona tena, safari hii nikaipaka ngozi lami ya reli ili isiliwe. Kisha bomba la mafuta likapasuka. Nikaliziba, likapasuka pengine. Watu wakanipa methali, maana methali ni bure: "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Niliisikia mara nyingi mpaka nikatamani kumpiga mtu kwa koleo.

Kisha likanijia jambo ambalo sikuwa na jina lake. Nilikaa kwenye gogo mbele ya motokaa, spana mkononi, na mkono haukunyanyuka. Sikuwa mgonjwa. Harufu ya mafuta, ile niliyokuwa naipenda hata kuliko ya nyama ya kuchoma, ilinitia kichefuchefu. Niliwafokea watoto kwa sababu walicheka. Mke wangu alileta chakula, nikamwambia akiweke hapo, akakiweka, akaondoka bila kukaa. Paa la tembe yetu lilihitaji udongo mpya kabla ya mvua na sikulipanda. Hata stesheni nilianza kukaza vitu bila kuvitazama. Jioni moja mke wangu aliniambia, kwa upole uliouma kuliko matusi, "Baba watoto, mke mwenza tungemvumilia. Lakini sasa kakuchukua, naye mwenyewe hakutaki. Uko wapi?" Nilihisi kwamba nikiipoteza hamu ile sitapata tena hamu ya kitu chochote, na yeye alikwisha kuiona hofu hiyo usoni kwangu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mhunzi wa majembe. Mvua zilikuwa karibu, majembe yanatakiwa, na chuma cha motokaa kilikuwa kizuri. Nilimwambia aje kuichukua yote, aikatekate.

Sasa niseme habari za mtani wangu. Alikuwa Mnyamwezi, mpakiaji mizigo pale stesheni, aliyekuwa mpagazi wa misafara kabla reli haijamnyang'anya kazi. Wanyamwezi na sisi Wagogo ni watani, na atakayezaliwa baadaye akasahau maana yake, ajue hivi: mtani hukutukana usoni na huruhusiwi kukasirika, huchukua kitu chako na huruhusiwi kukidai kwa ugomvi, na ukifiwa, yeye ndiye anayeingia katika kilio chako kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Tulikuwa tumetaniana miaka. Nilimwambia kwamba analala na mzigo kichwani. Aliniambia kwamba sisi tulijenga tembe fupi ili mvua isituone.

Stesheni nilimwambia kwa kifupi, "Motokaa imekufa. Mhunzi anakuja Jumatatu."

Alitua gunia alilokuwa nalo kichwani. "Imekufa?" akasema. "Umesema mwenyewe, imekufa?"

"Imekufa."

"Haya."

Jumapili mchana nilisikia kilio kinatoka njiani. Nilidhani ni msiba wa kweli, nikatoka mbio. Alikuwa mtani wangu, amejifunga shuka nyeupe kichwani, anagaragara vumbini, nyuma yake wapakiaji wenzake watatu, pamoja na nusu ya majirani zangu. "Uwiii! Mtani amefiwa! Mke mdogo ametutoka!" Alinipita bila salamu, akaingia kibandani, akapanda kwenye kiti cha motokaa, akajifunika shuka gubigubi na kunyoosha miguu. Yeye ndiye maiti sasa.

"Nimekufa mimi," akasema kutoka ndani ya shuka, kwa sauti nyembamba. "Mume wangu alinipenda nilipokuwa sina faida. Aliniosha kwa majivu. Alinitekenya kila Jumapili. Kisha akalewa pombe ya watu, akaniahidia kazi ya upagazi. Mimi, jamani! Nikabebeshwa mama mkwe kabla sijajifunza kutembea!"

Watu walicheka. Mimi nilichemka. Nilimwambia atoke, akasema maiti haamriwi. Nikamwambia hili si jambo la mzaha, akainua shuka kidogo, akanichungulia kwa jicho moja, kisha akaketi, akanuna, akashika spana kama ninavyoshika mimi, akakunja uso kama ninavyokunja mimi, akasema kwa sauti yangu hasa, "Weka hapo!"

Mke wangu aliangua kicheko. Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, machozi yanamtoka, na nilipomwona anacheka namna ile, baada ya miezi mingi, nikaanza kucheka na mimi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sina hakika kama machozi yangu yalikuwa ya kucheka tu, maana uso wangu ulilowa.

Mtani hakuishia hapo. Alishuka, akachomoa mkono wa chuma wa kuwashia injini, akafungua na kile kisanduku cha sumaku kinachotoa cheche, akavifunga ndani ya shuka. "Huu urithi wangu," akasema. "Na mali nyingine ya marehemu isiguswe mpaka matanga yavunjwe. Nitayavunja mimi, siku nitakayotaka." Akabeba mzigo wake kichwani kama zamani, akaondoka.

Jumatatu mhunzi alikuja na punda wawili. Mke wangu alimkuta njiani, akamwambia tuko matangani. Mhunzi alikuwa mtu wa mila. Aliguna, akatoa pole, akageuza punda wake. Sikutoka ndani. Nilikuwa nimelala, na nililala mpaka jua lilipopanda, jambo ambalo mke wangu alilisimulia kisimani kwa wiki nzima.

Mvua zikaja. Nililipanda paa hatimaye, nikaliweka udongo huku linanivujia kichwani. Tulilima. Sikuweza kugusa motokaa hata ningetaka, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza "Bado?"; humwulizi mtu aliye matangani habari za kazi. Lakini ahadi ilinikaa moyoni, nikaenda kwa mama yangu. Nilipiga magoti, nikamwambia nimeshindwa, gari moshi hatalifikia kwa motokaa yangu.

Mama yangu aliacha kupepeta uwele. "Nani kakwambia nitapanda kile kitu?" akasema. "Kinatoa moshi, kimeliwa na fisi. Nilinyamaza usije ukaaibika mbele ya watu. Mwanangu, hilo gari moshi nalisikia kila likipiga kelele. Lanitosha."

Nilirudi nyumbani nusu nina hasira, nusu nataka kuruka. Miezi yote ile nilijichosha kumbeba mtu ambaye hakutaka kubebwa.

Mtama ulipofika magotini nilijikuta, katikati ya kupalilia, nimechora injini ardhini kwa ncha ya jembe. Sikuizingatia. Siku nyingine nikafikiri kuhusu bomba la mafuta, kwamba labda halikuwa bovu, labda nilikuwa nalikunja mno pale linapoingilia. Nikaenda kwa mtani stesheni, nikamwomba vitu vyangu.

"Unavitakia nini?" akauliza.

"Niimalize ile motokaa. Watu waone."

"Matanga hayajavunjwa," akasema, akanyanyua gunia akaondoka.

Nilimlaani kimoyomoyo kwa lugha zote nilizokuwa nazo, na Kijerumani kidogo. Tukavuna. Tukapura. Nilianza kupita kibandani bila kuingia, halafu nikaanza kuingia na kukaa kwenye kiti tu, mikono magotini. Harufu ya mafuta haikunitia kichefuchefu tena. Asubuhi moja nilimkuta mtani anakunywa uji nyuma ya behewa, nikachuchumaa kando yake. Akanimegea kiazi.

"Mtani," nikasema, "nimeikumbuka."

"Unaitakia nini?"

Nilitafuta jibu la maana nikalikosa. "Sijui. Nimeikumbuka tu."

Aliweka bakuli chini. "Jumapili nitakuja kuvunja matanga," akasema. "Uchinje kuku. Si yule mwembamba."

Alikuja na urithi wake ukiwa umepakwa samli, unang'aa. Tulifunga kisanduku, nikanyoosha lile bomba likapita bila kukunjwa, tukamimina petroli iliyobaki kwenye debe. Mtani alizungusha mkono wa chuma mara moja, mara mbili, akatukana ukoo wangu wote, akazungusha tena. Injini ikakohoa. Ikashika. Kuku wakaruka, watoto wakakimbilia nyuma ya tembe, na mimi nikapanda, nikaachia breki, nikaenda. Nilikwenda mwendo wa mtu kutupa jiwe, katikati ya mabua ya mtama, nikiyumba, mtani anakimbia kando yangu akilia kama mjane. Kisha kitu kikakatika chini, paa! Ikasimama.

Waliotufuata wakasimama. Walinijua. Mke wangu alimvuta mtoto mdogo akamrudisha nyuma hatua moja, na mtani wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakusema neno. Wote walikuwa wananitazama usoni.

Nilishuka. Nilifungua kifuniko, moshi ukanipiga, nikaingiza kichwa ndani kutafuta kilichokatika. Nilikiona: kipande kidogo cha chuma, kimepinda vizuri ajabu, na nikajua palepale jinsi ya kukitengeneza, na nikajua pia kwamba ningependa kwanza kujua kwa nini kilipinda upande ule na si mwingine. Nilikuwa nimekwisha kulala chali vumbini kabla sijakumbuka kwamba kuna watu. Niliposikia nyayo niligeuza shingo. Mke wangu alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu, ananitazama kama mtu anayemtambua msafiri kwa mbali.

"Kumbe upo," akasema.

"Nipo," nikamjibu. "Nipe ile spana ndogo, kisha ukae hapa unisimulie."