Rais wa Mwezini na Karatasi za Ugoro

Jamani, leo nimeumbuka hapa Karatu.

Ile katuni ya miaka ya themanini ninayoisifia kila siku, ya rais wa mwezini aliyemaliza foleni ya sukari kwa kupiga marufuku chai? Nilisema mchoraji ni fundi, anarukaruka nyakati makusudi, na mwisho rais anafungwa.

Leo binti wa marehemu Mzee Shabani, aliyekuwa na duka la ugoro, kanipa vitabu vyote vya katuni hiyo.

"Kaka, pole. Baba alikuwa anachana kurasa ovyo, anamfungia bibi yako ugoro. Wewe ulisoma zile karatasi za ugoro, bila mpangilio."

Nimevisoma. Hakuna kurukaruka kokote.

Rais anaanzia jela, anamalizia ikulu.

Mniwie radhi, mimi nabaki na katuni ya karatasi za ugoro. Nyie je?