Risasi ya Mzee Apaloreng

Kama wewe ni mtu wa kusema "hizo ni hadithi tu", acha hapa uende ukachemshe chai. Mimi sikusimuliwa. Nilikuwepo, tena mchana kweupe, jua likiwa utosini, na tumboni mna chai ya maziwa na mandazi basi. Pombe sinywi. Ni mweka hazina wa kanisa hapa Lodwar, uliza yeyote. Na ukiona nasimulia nikiwa nimesimama wakati kiti kipo, tafadhali usinikaribishe. Sababu utaipata.

Kwetu ni Bungoma. Nilikuja Turkana kuuza vipuri vya pikipiki. Kuna jamaa alikuwa akitafuta dhahabu huko Lokiriama, akakata tamaa, akaniuzia mashine yake kabla ya kurudi kwao. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini. Ukiipitisha juu ya chuma kilichofukiwa, inalia. Nikajiambia dhahabu ilimkimbia yeye tu, mimi itanisubiri. Ndugu yangu, mpaka leo sijaona dhahabu hata ya kuziba jino la panya. Nilichookota ni risasi. Risasi zilizokwisha kupigwa, za vita ambavyo waliopigana wote ni marehemu.

Basi nikazipenda. Cheka tu, lakini risasi ina sura yake kama mtu. Ya gobore ni donge zito, limeota ukungu mweupe. Ya AK ukiileta karibu na sumaku, inarukia. Ya ile bunduki ndefu ya askari wa mkoloni sumaku haiitaki kabisa, na ubavuni ina mikwaruzo mitano iliyoachwa na mtutu, yote imelalia kushoto. Zile nzima zenye baruti ndani sizigusi, hizo naita polisi. Lakini hizi zilizokwisha kazi, nipe moja tu nikwambie ukoo wake.

Ila kuziosha ndiko kulikoniponza. Maji ya kuchezea porini utayatoa wapi? Nilikuwa naitia risasi mdomoni, naizungusha kama peremende, naitema, mikwaruzo inaonekana vizuri. Mke wangu alinionya. "Baba Neema, hujui hicho kitu kimetoka wapi." Nikamwambia kimetoka ardhini, kwani kitatoka wapi kwingine?

Sasa, huko Kakuma nina mteja anayeitwa Ekiru, mwanamume mzima, mwendesha bodaboda, mcheshi. Ekiru alikuwa anaoa. Na ukoo wao una shujaa: babu wa babu yake, Apaloreng, aliyewafuata maadui walioiba ng'ombe akapigwa risasi ya kifua, uso kwa uso. Ana wimbo wake, unaimbwa kila harusi ya ukoo ule, hata mimi naujua. Unasema maadui walikuja na magobore, na upande wa Apaloreng kulikuwa na bunduki moja tu ya maana, ile ndefu, aliyoipata rafiki yake Lokwang kutoka kwa askari wa mkoloni. Wimbo wenyewe aliutunga Lokwang.

Shida ilikuwa wakwe. Walikuwa wameanza kunong'ona kwamba wimbo umetiwa chumvi, kwamba ukoo wa Ekiru ni wa maneno mengi. Ekiru alikuwa anaungua moyoni. Akanijia. "Mzee wa risasi, nitakupeleka pahali babu alianguka. Utafute ile risasi, siku ya harusi usimame useme mbele yao ni ya bunduki gani. Wewe ni mtaalamu, watakuamini." Mtaalamu! Ukitaka kunimaliza, niite hivyo.

Tulikwenda mbali na Kakuma, kwenye mto mkavu wenye migunga. Ekiru akanionyesha jiwe ambalo wazee humwonyesha kila mtoto wa ukoo, kisha akarudi kutafuta petroli. Nikabaki peke yangu na mashine yangu. Haikunichukua muda. Ikalia, nikachimba, nikatoa risasi ndefu imejipinda kidogo nchani. Sumaku haikuitaka. Nikaitia mdomoni.

"Ejok-a?"

Nilishtuka nusura niimeze. Nyuma yangu kulikuwa na mzee, amefunga shuka begani, nywele zimekandikwa udongo na unyoya wa mbuni juu yake, mtindo ambao siku hizi unauona kwenye picha tu. Mkononi ana kile kigoda kidogo cha mbao, ekicholong. Nikafikiri labda anatoka kwenye tamasha la utamaduni Lodwar, amekosa gari. Unafikiri ningewaza nini? Kivuli hakuwa nacho, lakini saa ile ya jua la utosini hata mimi sikuwa na kivuli cha maana.

"Ejok," nikaijibu salamu yake ya Kiturkana, risasi shavuni.

"Leta tumbako."

"Sina, mzee. Mimi ni mtu wa kanisa."

Akanitazama kwa huruma. Kisha akasema, "Toa hiyo kwa mdomo. Hiyo ni yangu."

"Yako vipi?"

Mzee akageuka, akainua shuka, akajipiga kofi kwenye kalio la kushoto. "Ilikuwa hapa."

Niliitema, jamani. Niliitema na chai na mandazi pamoja. Maneno ya mke wangu yakanirudia yote, tena kwa sauti yake.

Mzee akakaa kwenye kigoda chake, ila akakalia upande wa kulia tu, akanieleza bila haraka. "Mimi nafuata ng'ombe. Mwiba naingia kwa kiatu, mimi nainama natoa. Lokwang iko nyuma yangu, yeye najikwaa kwa hiyo jiwe, bunduki yake nalia. Puu! Adui nasikia, nafikiri askari mingi imekuja, nakimbia, naacha ng'ombe yote. Mimi nalala kwa tumbo mpaka nakufa."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nikamuuliza, "Na wimbo?"

"Lokwang natunga kuficha aibu yake. Naficha na yangu."

"Na huko mliko, yuko?"

"Iko. Kila siku nanicheka."

Uso wake ulikuwa na uchungu wa kweli, na mimi nikamhurumia sana. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Kivuli cha mgunga kilikuwa chini, changu kilikuwa chini, cha fimbo ya mashine kilikuwa chini. Chake hakikuwepo.

"Kwa harusi utasema nini?" akauliza.

Sasa niambie, mtu mwenye akili angejibuje? Mimi nikamjibu, "Mzee, risasi huwa naisema ilivyo. Hii si ya gobore. Mikwaruzo mitano, kushoto. Ni ya bunduki ya rafiki yako."

Akatikisa kichwa, akachukua kigoda chake. "Sawa. Basi hiyo kitu nakuja kwako."

Nikasikia pikipiki ya Ekiru, nikageuka kidogo tu, na nilipotazama tena hapakuwa na mtu, wala alama ya kigoda mchangani. Nilipojaribu kupanda pikipiki, kalio la kushoto likaniuma kama limechomwa kwa mwiba wa moto. Nilisafiri hadi Kakuma nimesimama juu ya vikanyagio, Ekiru akidhani nafurahia upepo.

Siku ya harusi watu walijaa. Dume lilikuwa limechinjwa, wimbo wa Apaloreng ukaimbwa, wakwe wakiwa wamekunja mikono kana kwamba wanasikiliza taarifa ya habari. Ekiru akanisukuma mbele. Nikainua risasi juu, na ule utaalamu ukanipanda kichwani.

"Ndugu zangu," nikaanza, "hii siyo ya gobore..."

Kalio likachoma.

"Ukihesabu mikwaruzo hii..."

Likachoma zaidi. Machozi yakanitoka. Nikawatazama wakwe, nikamtazama Ekiru amenikazia macho, midomo imemkauka. Nami nikajiuliza, huu ukweli wangu wa kushoto na kulia utamfaa nani leo? Nikamwona na yule mzee pia, nyuma kabisa ya akina mama, amekaa upande mmoja juu ya kigoda chake, amejifunika uso kwa viganja.

"Kifuani!" nikapiga kelele. "Ilimwingia kifuani! Na ng'ombe wakarudi wote!"

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, nina hakika Lokichoggio walivisikia. Watu walisema mgeni wa Bungoma amelia kwa uchungu wa shujaa wao. Wakwe walikunjua mikono, mmoja wao akaja kuishika ile risasi kwa heshima, akaibusu. Sikumwambia kitu. Ekiru alinikumbatia akilia, nami nikalia naye, safari hii bila kuchomwa. Yule mzee simwoni tena, ila Ekiru anasema siku hizi ng'ombe wao hawapotei.

Na mimi? Nimebaki na haya. Mfukoni natembea na tumbako, maana sijui nitaombwa lini tena, na mchungaji ameshaniuliza mara kadhaa kwa nini sadaka inanukia ugoro. Mashine ipo chini ya kitanda. Kukaa nakaa vizuri tu, isipokuwa nikianza kusimulia kisa hiki. Ndiyo maana nasimama.

Kwa hiyo sikia ushauri wangu. Ukiokota risasi porini, osha kwa maji hata kama ni ya kunywa. Usiitie mdomoni hata kidogo, kwa sababu wewe hujui ilipita wapi kwa mwenzako. Na ukiulizwa ilimpata wapi marehemu, usijifanye mtaalamu, sema kifuani, hata kama unajua wazi kabisa kwamba ilimpata kwenye...

Aaai! Kifuani, mzee! Nimesema kifuani!