Mstari wa Ijumaa

Katika hospitali ile kulikuwa na fundi wa kompyuta aliyeitwa Mahali Pake. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wauguzi, kwa sababu kila alipoingia wodini kurekebisha mashine alikuta kitu cha kulalamikia, na lalamiko lake lilikuwa lile lile: kila kitu kiwe mahali pake. Nyaya alizifunga kwa rangi. Bisibisi zake zilipangwa kwa urefu. Ukiazima kalamu yake ukairudisha upande wa kushoto wa meza, aliihamishia kulia mbele ya macho yako bila kusema neno, na hilo liliuma kuliko kutukanwa.

Alianza kazi akiwa fundi wa simu za mezani. Simu za mezani zilipokufa alinunua kitabu kinene cha mfumo wa kompyuta uitwao Linux, akakisoma jikoni kwa miezi minane, huku mke wake akimtania kwamba ameletewa mke mwenza mwenye kurasa mia tisa. Aliposhika cheo cha ufundi mkuu, mashine zote za maabara na za benki ya damu aliziwekea mfumo huo kwa mikono yake. Zilifanya kazi. Kwa miaka kumi na tisa mtu yule aliheshimika, na alistahili.

Msaidizi wake alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa mabinti mapacha, kwa hiyo hospitali nzima ilimwita Mama Pacha. Siku yake ya kwanza kazini, Mahali Pake alimsimamisha mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Soma kwa sauti, Mama Pacha."

"Faili la watengenezaji halishikwi," alisoma.

"Unajua maana yake?"

"Kaka, nimekuja kazini au nimerudi darasa la tatu?"

"Darasa la tatu walikufundisha kusoma. Hapa nakufundisha kutii." Akavuta kiti. "Mfumo huu una programu moja ambayo kazi yake ni kuleta programu nyingine na kuzisasisha. Programu hiyo huja na faili lake la mipangilio. Wewe unataka kubadili jambo, tuseme hutaki programu fulani isasishwe yenyewe. Utaandika wapi?"

"Kwenye hilo faili."

"Hapo ndipo unapoua mtu."

Alimweleza kwamba pembeni ya faili lile kuna nafasi ya mafaili ya mwenye mashine. La watengenezaji limepewa namba hamsini. Unatengeneza lako, unalitia namba hamsini na mbili, unaandika matakwa yako humo. Mashine husoma yote mawili. Siku watengenezaji wakileta faili jipya, hubadili lao tu, lako haliguswi. Lakini ukiandika ndani ya lao, siku moja litakuja jipya, mashine itauliza: nibakize la zamani au nichukue jipya? Atakayekuwa mbele ya skrini akisema chukua jipya, maneno yako yatafutika na hakuna atakayejua yalikuwepo.

"Kwa hiyo kwenye mashine zetu," Mama Pacha aliuliza, "ikiuliza swali hilo, jibu ni chukua jipya?"

"Daima. Maana hakuna wa kwetu anayegusa la zamani."

Aliliandika hilo kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake.

Sasa ni lazima lisemwe jambo ambalo Mahali Pake hakulisema kwa mtu. Ijumaa moja alasiri, miaka miwili baada ya siku hiyo, programu ya kusoma lebo za chupa za damu ilipata toleo jipya, na toleo hilo halikuelewana na skana za benki ya damu. Alirudisha toleo la zamani. Ilibaki kuizuia programu hiyo isijisasishe tena. Ilikuwa saa kumi na nusu. Saa kumi na moja kulikuwa na mpira kwenye televisheni, na shemeji yake alikuwa ameshampigia simu mara mbili. Faili namba hamsini lilikuwa wazi mbele yake. Kutengeneza lake kungemchukua dakika tatu, labda nne. Akaandika jina la programu pale pale, ndani ya faili la watengenezaji, na juu yake akaweka maelezo: ya muda tu, nitahamisha Jumatatu. Akatia herufi mbili za jina lake. Akazima taa akaondoka.

Jumatatu akasahau. Baada ya mwezi akakumbuka, akasema atahamisha kesho. Baada ya mwaka hakukumbuka tena. Watu wengi wanaojisifu kwa utaratibu huwa na droo moja ambayo hawaifungui mbele ya wageni, na yeye hiyo ndiyo ilikuwa droo yake. Tofauti ni kwamba ndani ya droo hii ilikuwa imewekwa damu ya wagonjwa.

Sasisho la ile programu ya kusasisha nyingine, pamoja na faili lake jipya, lilifika Jumanne, miezi kumi na tisa baada ya Ijumaa ile. Mahali Pake alikuwa ghorofa ya pili akivuta waya. Mama Pacha alikaa mbele ya mashine ya benki ya damu, akaona swali kwenye skrini: faili hili limebadilishwa, ubakize la zamani au uchukue jipya? Chini yake kulikuwa na chaguo la tatu, kuangalia tofauti kati ya mafaili mawili. Hakuliangalia. Alijua jibu. Alichukua jipya, akaandika kwenye kitabu cha kazi siku, saa na alichojibu, akatia sahihi yake.

Alfajiri ya Jumatano mashine, ikiwa haina tena wa kuizuia, ikajisasishia programu ya lebo.

Saa tatu asubuhi mzazi mmoja alitoka chumba cha kujifungulia akivuja damu. Muuguzi akakimbilia benki ya damu. Skana ililia, skrini ikaandika kwamba lebo haitambuliki. Wakajaribu chupa ya pili, ya tatu, ya kumi. Hakuna hata moja. Sheria ya pale ilikuwa chupa isiyotambulika haitoki, kwa sababu nzuri kabisa, kwani damu isiyo ya kundi lako nayo ni sumu. Wakaanza kutafuta kwa mkono katika daftari la karatasi, chupa moja moja. Ilichukua dakika arobaini. Damu ilipofika wodini, aliyekuwa akiingojea alikuwa ameshafunikwa shuka. Mume wake alikuwa amekaa kwenye benchi la korido na mfuko wa nguo za mtoto mapajani, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumwambia, akawa anawauliza wapita njia kama mkewe keshapewa chai.

Daktari alisema huenda mama yule angekufa hata kama damu ingewahi. Alisema huenda. Neno hilo Mahali Pake alilishika kama mtu anayezama anavyoshika kipande cha ubao.

Mchana wa siku hiyo aliitwa kutengeneza. Alikaa peke yake mbele ya mashine, na hakuhitaji dakika tano kuelewa. Mfumo ule una tabia moja njema: ukichukua faili jipya, hautupi la zamani. Hulihifadhi pale pale pembeni, na mkiani mwa jina lake huongeza neno la kuonyesha kwamba ni la zamani. Alilifungua. Mstari wake ulikuwemo. Ya muda tu, nitahamisha Jumatatu. Herufi mbili za jina lake zilikuwemo pia.

Alisikia viatu vya mtu koridoni, vikapita. Akaandika amri ya herufi mbili, jina la faili, akabonyeza. Faili likafutika. Nakala za akiba za hospitali zilihifadhi kumbukumbu za wagonjwa tu, mipangilio haikuwemo. Mwenyewe ndiye aliyezipanga hivyo. Kisha akarudisha toleo la zamani la programu ya lebo, akatengeneza faili namba hamsini na mbili, akaandika zuio lake humo, safi, kama alivyofundisha watu miaka yote.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa daktari wa upasuaji, mama mmoja mkavu, mwenye haraka. Kitabu cha kazi kilikuwa mezani, kimefunguliwa kwenye sahihi ya Mama Pacha.

"Uliulizwa na mashine, ukachagua. Ndivyo?"

"Ndivyo, daktari. Nilichagua nilivyofundishwa. Faili lile huwa halina kitu chetu."

Mwenyekiti akamgeukia Mahali Pake. "Wewe ni mkuu wake. Fundi makini angejibu vile vile?"

Mama Pacha alimtazama kwa utulivu kabisa. Alikuwa hana wasiwasi, maana aliyeulizwa ndiye aliyemfundisha.

"Fundi makini," Mahali Pake alisema, "kabla ya kujibu huangalia kwanza tofauti."

Kila neno lilikuwa la kweli. Uongo mbaya kuliko huo sijausikia.

Mama Pacha aliachishwa kazi kwa barua ya aya mbili. Alipokuja kuchukua kikombe chake na viatu vyake vya mvua, alisimama mbele ya meza ya Mahali Pake. Alisema tu, "Kaka, hujaniambia ilikuwaje programu ile ilikuwa imezuiliwa, na zuio halikuwepo popote nilipoangalia." Yeye akajitia kutafuta kitu chini ya meza. Akakitafuta mpaka mwanamke akaondoka.

Huenda angeendelea hivyo mpaka kustaafu. Kilichomshinda ni ulimi wa watu. Ndani ya wiki tatu jina la mwanamke yule likawa msemo. Mfamasia akimwaga dawa, mwenzake anamwambia, "Umeanza ya Mama Pacha?" Wahudumu walipobonyeza kitufe cha lifti walichekeana: angalia tofauti kwanza, shoga, usije ukatuua. Asubuhi moja msichana wa usafi, akifuta meza yake, akamwuliza kwa heshima zote, "Eti mzee, yule mama aliyeua mzazi, alikuwa anakaa kiti hiki?"

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mwenyekiti. Hakukaa. Akasema yote: Ijumaa, mpira, mstari, Jumatatu ambayo haikufika.

Mwenyekiti alimsikiliza akiwa ameshika kalamu hewani. "Faili hilo liko wapi?"

"Nililifuta."

"Kuna nakala?"

"Hakuna."

"Kuna mtu aliliona?"

"Hakuna, daktari. Mimi tu."

"Kwa hiyo unaniambia uliandika mstari ambao haupo, ukafuta faili ambalo hakuna aliyeliona. Na mafundi kutoka nje walikagua mashine ile wakakuta zuio lako liko panapotakiwa."

"Niliweka baadaye. Baada ya kifo. Tazameni tarehe."

"Walitazama. Waliandika kwamba ulirekebisha haraka na vizuri." Akaweka kalamu chini, na sauti yake ikalainika, jambo ambalo hakuna aliyelizoea. "Mzee wangu, wewe na Mama Pacha mmefanya kazi pamoja miaka minne. Una moyo mzuri. Lakini huwezi kumbebea mtu mzigo wake. Nenda nyumbani upumzike siku mbili."

Akapumzishwa siku mbili. Kabla hazijaisha habari ilikuwa imesambaa kwamba Mahali Pake alikuwa tayari kujitoa mhanga kwa ajili ya msaidizi wake. Muuguzi mkuu alimshika mkono getini, machozi yakimlengalenga. Hakuwa amewahi kusifiwa vile maishani mwake.

Alipata nyumba ya Mama Pacha kwa kuuliza: vyumba viwili vinavyotazama ua wa wapangaji wanane, kamba za nguo zimekatiza kila upande. Mwanamke alikuwa anasuuza sare za mabinti zake. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuuza.

"Umeshawaambia?"

"Nimewaambia. Hawakuniamini."

"Kwa sababu ulifuta."

"Kwa sababu nilifuta."

Akakamua shati, akalitundika, akafuta mikono kwenye kanga. "Mama yangu yuko ndani. Ana miaka themanini na moja. Watu wa ua huu walimwambia binti yako ameua mzazi hospitalini. Tangu hapo hali chakula nilichopika mimi. Anasema mikono yangu ina damu. Ingia umwambie."

"Mama Pacha..."

"Ingia, kaka. Ila masikio yake hayasikii vizuri. Itabidi upaze sauti."

Mlango ulikuwa pazia. Bibi kizee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sahani ya wali imepoa kwenye kigoda bila kuguswa. Mahali Pake alimwamkia akapiga magoti. Dirisha lilikuwa wazi, na uani wanawake walikuwa wakichota maji, wakitaniana.

"Bibi, mimi ni mkuu wa kazi wa binti yako. Yule mzazi, kosa lilikuwa langu."

"Eh?"

"Kosa lilikuwa langu! Binti yako hana kosa!"

Uani ndoo ikatuliwa chini. Utani ukakatika.

"Wewe nani?" bibi aliuliza.

"Mkuu wake! Mimi ndiye niliyeandika pasipotakiwa, halafu nikaficha! Nikamwacha afukuzwe!"

Bibi alimtazama kwa makini, kama anayepima kitambaa sokoni. Kisha akajisogeza mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema tena," alisema. "Taratibu. Sema na jina lako."