Meno ya Swala na Programu ya Bure

Kwa misimu kadhaa kazi yangu ilikuwa kupima meno ya swala waliokufa kabla hajazaliwa mtu wa kuwapa jina. Kambi yetu ya utafiti ilikuwa Ngorongoro, upande unaoteremkia nyikani. Nilitoka nyumbani Karatu na shahada yangu ya biolojia, nikakabidhiwa kalipa, kile chuma cha kupimia vitu vidogo, na meza yenye vumbi. Nilipima kila jino urefu, upana na kimo, nikaingiza vipimo kwenye laptopu yangu. Kisha kiongozi wa utafiti alivichukua kwenye flashi akawatumia rafiki zake ng'ambo wavichambue. Majibu yalirudi yakiwa yameshaandikwa.

Kama kiongozi huyo angekuwa mzungu, hadithi ingekuwa nyepesi. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu mzima, aliyesoma hasa. Nilimwita Daktari na kumwamkia kila asubuhi. Yeye ndiye aliyenifundisha kutofautisha jino la swala na la nyumbu, na mpaka leo namheshimu. Lakini nilipomwomba anifundishe na uchambuzi, alisema, "Binti, wewe pima. Programu za takwimu ni ghali, na kazi hiyo ina wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani, Daktari?"

Alicheka, akaendelea na chai yake.

Msimu ulipoisha nilikwenda kwa dada yangu, mwenye steshenari karibu na stendi ya Karatu, nikaomba nitumie intaneti yake. Rafiki niliyesoma naye aliwahi kuniambia kuna programu ya takwimu iliyotengenezwa na watu wa visukuku, mabaki ya viumbe wa kale kama meno yangu, kwa ajili ya wenzao. Ni ndogo, haina leseni ya kununua, na ukishaipakua haihitaji hata intaneti.

"Bure kabisa?" dada aliuliza huku akitoa kopi za vyeti vya mteja. "Cha bure kina kasoro, mdogo wangu. Watakuibia picha zako."

"Sina picha. Nina meno."

Je, msimu wote wa mvua nilikesha nikijifunza? Hapana, sikukesha, nilipalilia maharage na baba asubuhi, mchana nikakaa kwenye kona ya duka. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza kigumu na mwalimu sikuwa naye. Niliwahi kuchanganya safu za vipimo, swala wangu mmoja akatoka na jino la tembo. Nikafuta, nikaanza upya. Hatimaye programu ilichukua vipimo vyote ikanichorea picha moja, kila jino nukta yake.

Daktari alikuwa anaandika kwamba pale palikuwa na aina mbili za swala, wakubwa na wadogo. Mimi niliona rundo moja la nukta, yaani aina moja tu. Nikaondoa meno ya wanyama wazee, yaliyosagika, yasije yakapotosha vipimo, nikachora tena. Rundo lilikuwa lile lile.

Miezi michache baadaye kulikuwa na mkutano wa utafiti katika ukumbi wa hoteli pale mjini. Daktari alieleza aina zake mbili. Nilinyoosha mkono, mwenyekiti akaniruhusu, nikaunganisha laptopu yangu na projekta. Picha yangu ikatokea ukutani.

"Haya ni meno yale yale, nimeyapima mwenyewe," nilisema. "Anayeuona mpaka kati ya aina mbili, anionyeshe."

Daktari hakuangalia ukutani. "Umetumia programu gani?"

"Ya bure."

Watu wakacheka. Naye akatabasamu. "Binti, sayansi si soko la mitumba."

"Hata mitumba inavaliwa, Daktari. Kama nimekosea, nionyeshe nilipokosea. Usinionyeshe bei."

Daktari akasema tutazungumza baadaye. Hatujazungumza. Aliyetaka vipimo nilimpa palepale kwenye flashi, na mhadhiri mmoja aliyerudia kazi yote kwa programu yake ya gharama aliniandikia kwamba naye ameona rundo moja. Makala ya Daktari ilitoka na aina mbili hivyo hivyo. Msimu uliofuata sikuitwa.

"Ungenyamaza ungekuwa kazini," baba aliniambia, bila ukali.

"Ningekuwa kazini, baba, lakini kazi isingekuwa yangu."

Siku hizi kila Jumamosi nafundisha programu ile kwenye kona ya duka la dada. Wanakuja vijana waliohitimu, wengine wametoka mbali, Digodigo na Engaresero, na dada ameacha kulalamika kuhusu viti. Nimeomba kibali cha utafiti kwa jina langu. Mara ya kwanza kilikataliwa; nikarekebisha maombi, nikayarudisha mwenyewe ofisini.

"Kiongozi wa utafiti ni nani?" afisa aliniuliza.

"Ni mimi."

Akachungulia nyuma yangu, kama anayetafuta mtu mwingine.

"Hakuna mwingine," nikamwambia, nikavuta kiti, nikakaa.