Mpira Aliotupa Nje Delmar

Mnaning'ang'aniza hadithi ya Delmar kana kwamba karanga zangu zitajichemsha zenyewe. Haya. Delmar ndiye mrushaji mpira wa timu ya chuo chetu hapa Alabama, katika ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono. Siku ile tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, na muda unakwisha. Majitu ya wapinzani yakamjia mbio.

"Nirushie, kaka!" akapaza sauti Tuck, mdakaji wake.

Delmar akamwona Tuck, akamwona na mpinzani aliyejibanza nyuma yake. Mpira ukinyakuliwa, tumekwisha. Akautupa nje ya mstari, kwenye ndoo za maji. Uwanja mzima ukamzomea.

"Mwoga we!" Tuck akafoka.

"Mwoga ndiyo, lakini ukitoka nje bila kudakwa, mpira bado wetu," Delmar akajibu, akampisha mpiga teke wetu aingie.

Huyo akaupitisha katikati ya milingoti ya goli: pointi tatu, tukashinda.

Nawe uliyezomea, kamwombe radhi, kisha njoo unioshee karanga.