Mkanda Alioufunga Mkwe

Kokand nzima walimjua Muminjon kwa haya zake. Alikuwa dereva wa kukodiwa, anavuka mlima wa Kamchik na abiria wanne kwenda Tashkent na kurudi, na abiria akisema nauli haijatimia, yeye ndiye aliyeangalia chini. Akikaribishwa chai katika nyumba saba, alikunywa katika nyumba saba. Kwetu mtu wa namna hiyo husifiwa kila penye watu, na sibishi, ni sifa njema. Ila injini haina haya, wala haijui nani ni mkwe wa nani.

Asubuhi ile hakuwa na abiria wa kulipa. Alikuwa anamrudisha binti yake Zulhumor kwa mumewe, ng'ambo ya mlima, mjini Angren. Zulhumor alikuwa amemaliza arobaini ya uzazi kwa mama yake kama ilivyo desturi, na sasa alikuwa anarudi na mtoto wa kiume kifuani. Binti harudishwi mikono mitupu. Oydin, mke wa Muminjon, alikuwa amefunga halua, vitambaa vya wakwe na mikate ya tanuri, na uani kulikuwa na kondoo dume mnene. Kondoo huyo ndiye aliyemaliza akiba yote ya nyumba.

Tangu jana yake gari lilikuwa linapiga mluzi. Kulipokucha Muminjon alilipeleka kwa fundi Ilhom, jirani na kituo cha gesi, akitumaini kuambiwa ni vumbi. Ilhom alifungua boneti, akatoa kifuniko cha pembeni, akanyamaza. Ilhom akinyamaza ujue pana msiba, maana huyo huongea hata akiwa na spana mdomoni.

“Kaka Muminjon, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?”

“Mwaka jana, kabla ya theluji.”

“Na nani?”

“Na mtu,” alijibu Muminjon, akaangalia viatu vyake.

Mtu huyo alikuwa Abduvali, mkwe wake, baba wa mumewe Zulhumor. Abduvali alikuwa na gereji yake Angren, na mwaka jana, Muminjon alipokwenda kuwatembelea, aliubadilisha mkanda ule kwa mikono yake mwenyewe, akakataa hata pesa ya mkanda. Muminjon alikuwa amelisimulia jambo hilo Kokand nzima.

“Basi mtu huyo alikubadilishia mawazo, siyo mkanda,” alisema Ilhom. “Huu wa zamani. Njoo uone. Umepasuka kama kisigino, jino moja limeng'oka, na oili imeulowesha. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, injini kwaheri.”

“Na ukikatika mlimani?”

“Ukiwa unapanda, utasimama ghafla na lori liko nyuma yako. Ukiwa unashuka na injini imezima, breki zitakuwa ngumu kama jiwe. Kaka, kwani unaniuliza mimi? Mlima unaujua wewe.”

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya gari anaijua fundi. Ilhom hakuuliza tena nani. Alisema mkanda anao, na rola ya kuukaza anayo, adhuhuri kazi itakuwa imekwisha, lakini vitu hivyo ni vya mwenye duka na lazima vilipwe leo. Muminjon alisema atafikiri, akalirudisha gari nyumbani polepole kuliko baiskeli, akipunguza mwendo kila mluzi ulipopanda.

Oydin alisikiliza habari yote amesimama, mikono ina unga.

“Mwaka mzima umepita nao pale mlimani,” alisema mwishowe. “Leo tu ndiyo ukatike?”

“Mwaka mzima nilikuwa sijui.”

“Basi mpigie mkwe wako umwambie.”

“Nimwambie nini, Oydin? Kwamba ni mwongo? Binti yetu analala chini ya paa lake. Nikimwaibisha mimi, atakayeoshwa na maneno ni nani?”

“Kodi gari la mtu.”

“Nimrudishe Zulhumor kwa gari la mtu, na langu limelala uani? Watasema tumemtupa.”

“Funga mpya, unyamaze.”

“Anafungua boneti hata kabla hatujaamkiana, unamjua. Ataona.”

Oydin alikaa chini. Alijua jambo la mwisho ambalo mumewe hakulitaja. Pesa ya mkanda ilikuwa imefungwa uani na inakula majani.

“Bila kondoo,” alisema taratibu, “wanawake wa nyumba ile watamtafuna mwanangu. Mzaliwa wa kwanza, mtoto wa kiume, halafu aingie na mikate! Muminjon, nakuomba. Tuombe dua, twende.”

 Muminjon alikuwa anaogopa, na aliogopa zaidi kwa sababu hofu zake zilikuwa zinavutana. Akilini aliwaona mashangazi wa Angren wakichungulia buti la gari. Aliiona pia kona ya pili baada ya handaki, pale ambapo lori la makaa humfuata mtu kwa nyuma kama jambazi.

Zulhumor alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani. Alikuwa amesikia.

“Baba,” alisema, “ni baba mkwe aliyefunga mkanda ule?”

“Haya si mambo yako, mwanangu.”

“Si mambo yangu? Nani atakayekaa kiti cha nyuma na huyu?” Alimpapasa mtoto mgongo. “Mama, waache wanitafune. Mimi nina meno pia.”

Oydin alifunika uso kwa kitambaa akalia. Muminjon alitoka nje, akamfungua kondoo, akampeleka mwenyewe kwa mchinjaji wa mtaani, ambaye alimtazama, akanusa shida, akampa bei ya kumdhulumu. Muminjon hakubishana. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Ilhom.

“Funga,” alisema. “Na Ilhom, hili likitoka nje ya gereji hii…”

“Mimi? Mimi kaburi.”

“Wewe ni redio.”

“Basi leo betri imekwisha, kaka. Naapa.”

Njiani Oydin na Zulhumor walikaa nyuma na mtoto, Muminjon akiendesha. Gari lilipanda mlima bila mluzi wowote, na hilo halikumtuliza. Alikuwa ameamua jambo, akawa analirudiarudia kama mtoto anayehofia kusahau alichotumwa dukani. Hatasema kitu. Wakiuliza kondoo, atasema hali ni ngumu. Waseme bahili, waseme hakumpenda mjukuu. Abduvali akiuona mkanda mpya, atajua kwamba amejulikana, na watanyamaza wawili mpaka kufa. Lilikuwa wazo la kijinga na la upendo mkubwa, na lilimfanya ashike usukani mpaka vidole vikafa ganzi.

Angren walifika alasiri. Ua ulikuwa umejaa watu, pilau linafuka kwenye sufuria kubwa. Wanawake walimpokea mtoto kwa vigelegele, wakambusu, wakamrudisha mikononi mwa mama yake, kisha macho yao yakahamia kwenye buti. Vikatoka vitambaa, ikatoka halua, ikatoka mikate. Buti likabaki tupu.

“Kondoo naye anakuja kwa miguu?” aliuliza shangazi mmoja wa mume, akicheka kwa sauti ya kutosha watu wote.

“Labda kachoka mlimani,” mwingine alidakia.

Oydin aliuma midomo. Mwenyeji wao, mke wa Abduvali, hakucheka, lakini hakuwanyamazisha pia. Zulhumor aliinama akatoa salamu zake za ukwe mara tatu, uso umemwiva.

“Hali ni ngumu,” alisema Muminjon. “Mtusamehe.”

Abduvali, mtu mfupi mwenye mikono myeusi iliyoishinda sabuni, tayari alikuwa amefungua boneti. Watu walizoea. Alichungulia, akaingiza mkono kupapasa pembeni ya injini, akatoa kidole hakina oili. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake kama kawaida, akalegeza kifuniko akatazama ndani. Alibaki ameinama hivyo muda mrefu. Muminjon aliona mgongo wake ukipanda na kushuka, akageuza macho kando ili asimwone mwenzake akiona.

“Nyamazeni,” alisema Abduvali, bado ameinama.

Vicheko viliendelea.

“Nimesema nyamazeni!” Alisimama wima. “Kondoo wao nimemla mimi.”

 Mkewe akamwambia, “Mzee, jua limekupiga?”

“Mwaka jana huyu bwana alisimama mezani akanishukuru kwa mkanda mpya kabla sijaufunga. Watu wote mlipiga makofi. Niliporudi kwenye gari nikakuta mkanda nilionunua si wa injini hii. Duka limefungwa, pilau limeiva, mnaniita. Nikarudisha wa zamani. Nikasema akija tena nitambadilishia. Alipokuja tena, akanishukuru tena. Ningesemaje? Nikawa nafungua boneti kila akija, kuangalia kama bado umeshika.” Aliifunga boneti. “Juzi nilimwambia alete mtoto. Nilisema hivyo kwa mdomo huu, na mkanda ninaujua.”

Muminjon alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, hasira ya mtu ambaye hakuwahi kuizoea, na hakujua aiweke wapi. Mwaka mzima. Abiria wanne wanne, watoto wa watu. Alifungua mdomo kusema “si neno”, kama alivyosema maisha yake yote, na neno halikutoka.

“Ulijua,” alisema badala yake. “Ukanywa chai na mimi.”

“Nilikunywa,” alisema Abduvali.

Aliifuta mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akamwendea Zulhumor. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyaficha. Alinyoosha mikono yote miwili apewe mjukuu, kama babu yeyote angefanya, na kwetu hakuna mke wa mwana aliyewahi kumnyima baba mkwe kitu akinyoosha mkono mbele ya wageni.

Zulhumor aliinama mbele yake kwa adabu zote. Kisha akainuka, akamkaza mtoto kifuani, akapita kando yake akaingia ndani.