Ndevu Nilizozinyoa Greenbelt

Ipo Alhamisi moja ninayoikumbuka kila nikishika wembe, mwanangu, na ingawa miaka mingi imepita, nikiifikiria bado hukaa, nikasimama, nikakaa tena. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimetoka Pangani. Nilipanga chumba mtaa wa Shaw, huko ughaibuni, na kila asubuhi nilipanda treni, nikabadilisha njiani, hadi kitongoji cha Greenbelt, kumtunza mzee mmoja nyumbani kwake. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na sisi tuliokuja na vyeti vya kwetu tulianzia kwenye kazi hizo za kuogesha na kulisha.

Mzee huyo aliitwa Ross. Alikuwa mhandisi mstaafu, mkewe alishafariki, na kiharusi kilikuwa kimemlegeza mguu wa kushoto. Akili yake na ulimi wake vilikuwa vizima kabisa. Nakwambia hili mapema usije ukanitafutia udhuru: kila alichotaka alikisema, na mimi nilikisikia.

Tatizo langu lilikuwa mikono. Haikujua kutulia. Mzee akisoma gazeti, mimi nafuta meza. Akimaliza chai, kikombe kimeshaoshwa kabla hajakitua vizuri. Nilidhani huo ndio uchapakazi. Nilipokosa cha kufanya nilizunguka kile kijumba kutoka jikoni hadi dirishani, dirishani hadi jikoni, mpaka mwenyewe akaniambia, "Kijana, utanitoboa zulia."

Kama miezi miwili kabla ya hiyo Alhamisi, Mzee Ross alituambia, mimi na mwenzangu wa zamu ya jioni, tusimnyoe tena ndevu. Kwa nini, hakusema, na sisi hatukuuliza. Wiki ya tatu ndevu zilimwasha hadi akawa anajikuna kwa mpini wa kijiko. Kisha zikalainika, nyeupe pepe, na alianza kuzipapasa akiwa anafikiri. Nilimwona wakati mwingine akijitazama kwenye kioo cha bafuni, anageuza shavu hili, anageuza lile, kama kijana wa miaka kumi na saba. Ningekuwa na macho ningeelewa. Mimi niliona kazi ambayo haijafanywa.

Tena alikuwa na jambo la pili. Jumamosi ile mjukuu wake, Helen, alikuwa anaolewa kanisani Virginia, na Mzee Ross ndiye wa kumsindikiza hadi madhabahuni. Akasema atavaa kilti. Kama hujaiona, ni vazi la wanaume wa Uskoti, walikotoka wazazi wake: kitambaa kizito cha sufu cha mirabamiraba, kinazungushwa kiunoni na kufika magotini, nyuma kina marinda mengi, mbele kimelala bapa, kinafungwa kwa mikanda midogo ubavuni. Mbele kinaning'inia kimkoba cha ngozi, na chini soksi ndefu za sufu.

Mwenzangu wa zamu ya jioni alikuwa Mumbua, Mkenya wa Machakos, mwenye moyo mkubwa na mdomo usio na breki. Tulikuwa tunakabidhiana zamu mlangoni aliponishika mkono.

"Mbaruku, hizi ndevu ni za nini? Mzee wa watu anakaa kama ametoroka hospitali."

"Kasema tuziache."

"Wagonjwa husema mengi! Jumamosi familia yote itakuwa pale. Watauliza nani hajafanya kazi yake. Si mimi na wewe?"

"Na ile kilti je?"

"Ati sketi? Mbele ya pasta? Aki watasema ni sisi tumemvalisha, Waafrika wamemchezea mzee. Mimi siko hapo."

Tulicheka, lakini ilinikaa moyoni. Elewa hali yetu, mwanangu. Wazungu wote niliowaona wakiheshimika mjini walikuwa na kidevu kitupu na suruali iliyopigwa pasi. Mzungu mwenye ndevu ndefu niliyemfahamu alikuwa akilala juu ya benchi karibu na stesheni. Nikajiambia namlinda mzee asije akachekwa. Ile kilti nikaiondoa kabatini, nikaifungia ndani ya sanduku juu ya rafu, nikatundika suruali nyeusi mahali pake.

Ndipo ikaja Alhamisi. Mzee alikuwa amemeza dawa zake zinazomlegeza, ameegemea kiti, kichwa nyuma, na mimi namkanda uso kwa taulo ya moto. Akafumba macho. Mikono yangu ikatazama huku na huku ikitafuta la kufanya. Povu lilikuwa karibu, wembe ulikuwa karibu. Nilipaka upande mmoja, nikavuta mara moja, mara mbili, mara tatu. Alidhani bado ni taulo, nadhani. Mara ya nne mkono wake ukanishika kifundo cha mkono, na sikujua kwamba mkono ule bado una nguvu namna ile.

Akajishika shavu. Lilikuwa tupu, lina unyevunyevu. Akashika la pili, lina ndevu. Tulibaki hivyo, mimi nimesimama na wembe, maji yananidondoka kwenye kiatu.

"Uliniuliza?" akasema.

Nikaanza kueleza. Usafi, wageni, harusi, heshima. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai, mzee. Yuko Pangani."

"Ana ndevu?"

"Anazo."

"Huvaa nini?"

"Nyumbani hujifunga kikoi. Akitoka, kanzu."

"Na nani humnyoa na kumvalisha suruali, ili wageni wasimcheke?"

Niliuweka wembe mezani, mwanangu. Hakuna mtu Pangani nzima angethubutu kugusa ndevu za baba yangu. Mimi mwenyewe, mtoto wake wa kwanza, nisingethubutu hata akiwa amelala.

"Basi na mimi ni baba wa watu," akasema Mzee Ross. "Malizia. Siwezi kukaa na nusu ya uso."

Nikamalizia. Nilipokuwa namfuta ndipo aliponieleza. Helen alikuwa na picha ya harusi ya babu na bibi yake, babu ana ndevu zimejaa na kilti ya baba yake mzazi. Tangu mtoto alipenda picha ile. Akamwomba, "Babu, siku yangu njoo ukiwa hivyo." Hicho tu. Kisha mzee akageuza kiti chake kuelekea dirishani na kusema hatakwenda harusini.

Sikuweza kukaa. Nilitoka nje, nikazunguka ile njia ya miguu inayopita kati ya nyumba za Greenbelt, mara mbili, mara tatu, nikarudi, nikatoka tena. Nilimpigia Mumbua kwa simu ya jikoni.

"Umemnyoa?" akapiga kelele. "Bila kumuuliza? Kwani ulikuwa unanyoa mbuzi?"

"Si wewe uliyesema..."

"Mimi nilisema! Sikushika wembe! Na sketi iko wapi?"

"Nimeifungia."

"Ai, Mbaruku." Akashusha sauti. "Ifungulie. Hata mimi nilikosea kuicheka. Mwambie hivyo."

Siku ya pili yake nilimletea mzee sanduku, nikaliweka miguuni pake, nikamwambia mimi ndiye niliyeificha, na kwamba mimi na Mumbua tuliicheka. Sikuongeza sababu. Akalifungua, akaipapasa kilti, akasema, "Kesho utamwambia Helen mwenyewe kuhusu ndevu. Kwa mdomo wako. Ukikubali hilo, nitakwenda."

Nilikubali, ingawa ningependa zaidi kufukuzwa kazi.

Jumamosi asubuhi nilimuuliza kila kitu. Shati lipi. Soksi kwanza au viatu. Nikaizungusha kilti, nikaifunga mikanda kwa bidii, nikasogea nyuma nimtazame. Mzee akainamisha kichwa, akaona marinda yote yako mbele. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akacheka hadi akashika fimbo.

"Igeuze, kijana. Marinda hukaa nyuma, hivyo nitakalia bapa kama ubao."

Kanisani Helen alikuwa chumba cha pembeni na gauni lake jeupe. Alipomwona babu yake mlangoni aliangalia kilti, akatabasamu, halafu akaangalia uso. Sehemu iliyokuwa na ndevu ilikuwa imepauka kuliko paji lake. Tabasamu likaondoka. Nikapiga hatua mbele, nikasema, "Ni mimi. Alinikataza, nikamnyoa."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alisema polepole, "Tulizisubiri kwa miezi miwili," akanipa mgongo. Kisha akalishika shavu la babu yake kwa viganja viwili. Mzee Ross akamwambia, "Mtu mwenyewe amekuja, mwanangu." Wakatoka, yeye na fimbo yake na mguu wake mzito, marinda yakicheza nyuma, na kanisa zima likasimama. Hakuna aliyemcheka hata mmoja.

Helen hakunisemesha tena siku ile. Mzee alinisamehe na nikamtunza miaka mingine miwili hadi alipotutoka. Lakini picha ya harusi ile ilitundikwa sebuleni mwake, na kila asubuhi nilipita mbele yake na chai, nikauona uso mtupu ambao haukutakiwa kuwa mtupu. Msamaha hauoteshi ndevu kwenye picha.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayeanza sasa kazi ya kutunza watu, au uliye na mzazi mgonjwa nyumbani. Uliza kabla hujagusa. Ukishauliza, kaa chini usubiri jibu, hata kama limechelewa. Na ukishajibiwa, lifuate, hata kama wewe usingevaa hivyo wala usingefuga hivyo. Usafi, haraka na nia njema havikupi ruhusa juu ya mwili wa mtu. Na usimpime mgeni kwa heshima ndogo kuliko ile unayompa baba yako. Ukishakosea, na utakosea kama mimi, nenda ukaseme kwa mdomo wako kwa yule uliyemuumiza, bila kumtwika lawama aliyekushauri.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kuwasikia watu, akuzidishie riziki isiyo na majuto, na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyeketi kwenye kiti, akupatie mtu atakayeinama na kukuuliza unataka nini.